Bawa Limeota Huku

Maneno haya niliyasema Moshi, mwezi Machi, mbele ya wakazi wa mtaa, walimu na watoto wa shule. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, isipokuwa pale umeme ulipokatika nikalazimika kurudia.

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, walimu, wazee wangu, mama zangu, vijana wenzangu, na ninyi watoto mlioletwa hapa kwa ahadi ya soda: wakubwa wote, shikamooni. Wengine, habari za asubuhi. Itifaki naomba ihesabike imezingatiwa, maana nimepewa nusu saa na wingu lile juu ya mlima mnaliona wenyewe.

Nimeombwa niseme juu ya matembezi ya kuangalia ndege tunayofanya kila Jumamosi kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Aprili. Nitaanza na swali nililoulizwa na shemeji yangu sokoni Kiboriloni, mbele za watu. Alisema: "Shemeji, watalii wameshaondoka, msimu umekwisha. Sasa unakanyaga matope asubuhi yote na darubini shingoni, unamwongoza nani?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikaona swali ni zuri kuliko nilivyolichukulia.

Jibu ni kwamba ninasindikiza wageni. Sisi huku mgeni akiaga hatumwachii mlangoni. Unatoka naye, unampokea kifurushi, mnaongea yale ambayo sebuleni hayakusemeka, mnafika njiapanda, mnasimama tena, na mara nyingi habari yenyewe iliyomleta huisemea pale. Ndege waliotujia Oktoba na Novemba kutoka Ulaya na Asia sasa wanaaga. Watalii huwapiga picha walipofika tu, wamechoka, manyoya yamechakaa kama koti la mitumba lililopita mikono mitatu. Wakati wanaopendeza, wanaoimba, wanaokula kama watu walioalikwa harusini, kambi nyingi zimefungwa kwa ajili ya mvua, na sisi waongoza watalii tumerudi nyumbani kupanda mahindi. Mgeni anaondoka akiwa amevaa vizuri kuliko siku zote, na mwenyeji hayupo hata wa kumwambia safari njema.

Vitabu vya wenzetu huita jambo hili uhamaji wa majira ya kuchipua. Jina hilo limenikera miaka mingi. Sisi tuna masika, tuna kipupwe, tuna vuli, tuna kiangazi. Majira ya kuchipua ni tafsiri ya darasani. Theluji tunayo, hiyo hapo juu, lakini haijawahi kuyeyuka ili sisi tupande. Safari imepewa jina la kule inakokwenda, kama basi linaloitwa la Dar wakati bado limesimama stendi ya Moshi, abiria wananunua ndizi dirishani. Ninachotaka kuwaambia leo ni habari za stendi. Safari hii haianzii angani. Inaanzia kwenye majaruba ya Mabogini, kwenye migunga ya Tengeru, na hata kwenye nyaya za umeme zinazopita juu ya nyumba yako.

Mimi mwenyewe nililijua hili kwa aibu. Nilikuwa na miaka minne tu kwenye kazi. Ilikuwa Machi, Ziwa Duluti, na mgeni wangu alikuwa mama mtu mzima kutoka Finland ambaye mvua ilikuwa imemvurugia ratiba. Mimi nilikuwa nahangaika kumtafutia furukombe, maana furukombe ni mkubwa, ana kichwa cheupe, anapiga kelele, mgeni anaridhika. Yeye akasimama chini ya mti akainua kidole nisiongee. Juu alikuwapo ndege mdogo kuliko shomoro, rangi ya jani linaloanza kukauka, anaimba wimbo laini unaoshuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi bila haraka. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha chuo kwamba huyo ni ndege mdogo tu wa kahawia, tunao wengi. Mama akanijibu, "Huyu ndiye anayeniamsha nyumbani kwangu mwezi wa tano."

Kwenye vitabu vya Kiingereza ameandikwa willow warbler. Kiswahili sijamsikia na jina lake, na hilo nalo ni deni letu; tumezoea kumwita kila mdogo wa kahawia shomoro na kuendelea na safari. Kwao Finland ni miongoni mwa ndege walio wengi kupita wote. Uzito wake ni kama gramu 9. Chota vijiko viwili vidogo vya sukari ya TPC, weka kiganjani, ndiye huyo. Mama yule, ambaye kumbe alikuwa mwalimu wa sayansi, akanipa darubini yake akasema nitazame bawa. Lilikuwa jipya, ncha hazijakatika, linang'aa kidogo. Akanieleza kwamba ndege huyu hubadilisha manyoya yake yote mara mbili kwa mwaka: mara moja kwao baada ya kulea makinda, na mara ya pili huku Afrika kabla ya kurudi. Ndege wa namna hiyo ni wachache mno duniani. Hata mbayuwayu mnayemjua ninyi nyote hubadilisha manyoya ya kurukia akiwa huku, ila yeye ni mara moja tu kwa mwaka.

Tulizeni akili hapo kidogo. Unyoya haushuki na mvua. Unajengwa, na unajengwa kwa chakula. Bawa litakalombeba ndege yule hadi msitu wa Finland limeota huku kwa viwavi, mbu na vidukari wa huku. Finland haikuchangia hata unyoya mmoja wa safari ya kurudi. Wataalamu wanaweza hata kukata kipande kidogo cha unyoya, wakapima haidrojeni na kaboni iliyomo, wakakadiria uliota katika nchi za namna gani, kwa sababu maji ya mvua na mimea ya kila eneo huacha alama yake mwilini mwa anayekula hapo. Tangu siku ile Duluti sijamwambia mgeni yeyote kwamba hawa ni ndege wa Ulaya waliokuja likizo. Mtu wa likizo hashonewi nguo mpya na mwenyeji wake.

Sasa kuna fumbo ambalo hunisumbua kila masika. Kule Ulaya ndege hujua majira kwa urefu wa mchana: siku zikirefuka anajiandaa kuzaa, zikifupika anajiandaa kuondoka. Lakini Moshi na Arusha tupo nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku yetu ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki nusu saa. Ndege aliyekaa kwenye mgunga wa Tengeru, jua linachomoza saa ileile na kuzama saa ileile, atajuaje kwamba barafu ya Finland imeanza kupasuka?

Mjerumani Eberhard Gwinner alilishughulikia swali hili katika miaka ya 1960, tena kwa ndege huyuhuyu wangu wa vijiko viwili vya sukari. Aliwafungia ndani, mwanga saa 12, giza saa 12, mwezi baada ya mwezi, hakuna jua wala nyota wala mvua. Bado majira ya kubadilisha manyoya yalipofika walibadilisha, na majira ya safari yalipofika walianza kuhangaika usiku kwenye vizimba, wanarukaruka kama mtoto aliyeambiwa kesho tunakwenda kwa bibi. Wana saa ndani ya mwili inayohesabu mwaka. Haiendi kwa usahihi kamili, inahitaji kurekebishwa, lakini inakwenda. Ndiyo maana ukiwaangalia vizuri wiki hii utaona hawatulii.

Na wanakula! Ndugu zangu, wanakula. Mafuta hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya wanga kwa uzito uleule, kwa hiyo ndege anayejiandaa na jangwa hujaza mafuta chini ya ngozi, kifuani na tumboni. Wapo wadogo ambao kabla ya kuvuka Sahara huwa wamekaribia mara mbili ya uzito wao wa kawaida. Sasa fikirini ni zawadi gani mwenyeji anaitoa mwezi wa tatu na wa nne: kumbikumbi. Mvua ya kwanza ikipiga, ardhi inafunguka, wanatoka. Ninyi mnakimbilia na ndoo na taa. Juu yenu kuna kozi wadogo, wameanza kula kabla hamjatafuta ndoo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wamekaa miezi mitano, na jembe wamelishika. Wakulima wa mahindi mliopo hapa mnawajua viwavijeshi. Mnajua asubuhi unaliacha shamba la kijani, ukirudi unakuta vijiti. Pale Tengeru kuna wataalamu ambao kazi yao ni kutabiri na kuwadhibiti wadudu hao, na wanaifanya kwa mitego. Korongo weupe hawana mitego. Wanashuka shambani mamia kwa pamoja na kutembea kwa mstari kama askari wa gwaride, wanaokota. Sisemi korongo atakuokolea shamba zima, nisije nikadaiwa gunia. Ninasema ukimkuta huko, usimfukuze.

Juu ya korongo nina hadithi, watoto sogeeni. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua ndege wao huenda wapi baridi ikiingia. Aristotle, Mgiriki mwenye akili zake, aliandika kwamba mbayuwayu hujificha kwenye mashimo. Mwaka 1555 askofu Mswidi, Olaus Magnus, akaandika kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji ya ziwa wameshikamana, na wavuvi huwavua kwa nyavu. Msicheke sana. Kama hujawahi kumwona anakokwenda, tope la ziwa ni jibu kama majibu mengine.

Basi mwaka 1822, kaskazini mwa Ujerumani, karibu na mji wa Klütz, akapigwa risasi korongo mmoja. Walipomwokota wakakuta shingoni amechomwa mkuki umepenya, urefu wake karibu sentimita 80, wa mti na wa namna ambayo Ulaya haikuwapo. Ulikuwa mkuki wa Afrika. Ndege alichomwa huku, akapona, akaruka na mkuki wake shingoni hadi Ujerumani, kisha wakammalizia huko. Walimkausha, na yupo hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Ule mkuki ulisema kuliko vitabu vyote vya kabla yake. Mimi huwa nasema mtafiti wa kwanza wa uhamaji wa ndege alikuwa Mwafrika asiyejulikana jina, aliyekosa kitoweo, na wala hakulipwa posho.

Turudi kwenye matembezi, maana ndiyo niliyoitiwa.

Tunakutana mapema, saa kumi na mbili kasoro robo, kabla jua halijachomoza na kabla mlima haujajifunika. Wakati mwingine tunaanzia msitu wa Rau, chini ya ile mivule mikubwa, lakini nitakuwa mkweli kwenu: msituni shingo inauma, ndege wanasikika zaidi ya kuonekana, na watoto wanachoka. Kwa mwezi huu napenda zaidi majaruba. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani kwa ajili ya mpunga. Sidhani kama wahandisi waliwaza ndege hata dakika moja, lakini tope la kina cha kidole ndilo kitwitwi anachokitafuta kutoka huku hadi Siberia.

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu kumi na mmoja na darubini tatu. Tulisimama kwenye tuta, upande mmoja mpunga mchanga, upande wa pili jaruba lililovunwa lina maji. Vitwitwi wapo kama arobaini. Kati yao yupo yule mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini. Desemba huyo ni kijivu, hata mimi humpita bila kumwangalia. Sasa kifua kimeanza kubadilika, unyoya mmoja mmoja, kuwa rangi ya tofali la kuchoma. Kufikia mwisho wa Aprili atakuwa mwekundu mwili mzima, na baada ya hapo anakwenda kuzaa kwenye nyika zisizo na miti, kaskazini kabisa mwa Siberia, ambako wakati huo jua halizami. Mama mmoja tuliyekuwa naye, fundi cherehani, alimtazama muda mrefu kisha akasema, "Huyu anavalishwa kidogo kidogo kama biharusi." Nimewasikia wataalamu wakieleza jambo hilo kwa kurasa nne.

Mbele kidogo palikuwa na ng'ombe. Hapa nataka mnisikilize, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo Januari hulioni na Aprili unaliona bure. Miguuni mwa ng'ombe wanatembea ndege wadogo wa njano wanaotikisa mkia. Ng'ombe akikanyaga, mdudu anaruka, ndege anamdaka. Kila mchunga ng'ombe anawajua. Miezi ya nyuma wote wamefifia, wanafanana. Lakini wakikaribia kuondoka madume huvaa rangi zao, na hapo vichwa vyao vinatoa siri. Mwenye kichwa cha bluu-kijivu na mstari mweupe juu ya jicho, kwao ni Ulaya ya kati. Mwenye kichwa cha kijivu kizito bila mstari, kwao ni Skandinavia na Urusi ya kaskazini. Mwenye kichwa cha njano, ng'ambo ya mto Volga kuelekea Kazakhstan. Na mwenye kofia nyeusi tii, nchi za Balkani na Uturuki. Ng'ombe kumi na wawili wa mzee mmoja wa Chekereni, na chini ya kwato zao mataifa hayo yote wanakula pamoja bila hata mkutano.

Tukiwa tunabishana kama yule wa mbali ni mweusi au ni kivuli, kijana mchungaji, miaka kama kumi na miwili, akatwambia, "Hao wenye kofia hawakuwepo wiki iliyopita." Nikamuuliza ana uhakika gani. Akasema, "Mimi nipo nao kila siku. Ninyi mnakuja Jumamosi." Nikafunga mdomo. Nimemwomba awe anatembea nasi, amesema ng'ombe je. Tumekubaliana sisi ndio tutembee naye.

Kufikia saa tatu jua limepasha ardhi, inabidi uinue macho. Keremkerem unawasikia kabla ya kuwaona, sauti kama filimbi yenye maji ndani, kisha kundi linapita juu kabisa kuelekea kaskazini. Korongo huzunguka palepale bila kupiga mabawa, wanapandishwa na hewa ya moto, wakifika juu wanateleza hadi penye hewa nyingine ya moto. Juu ya bahari hewa hiyo haipatikani, ndiyo maana korongo wanaokwenda Ulaya ya mashariki hawakati Mediterania katikati. Wanapita Sudani, Misri, wanaizunguka bahari kupitia Israeli na Lebanoni, wanavuka mlango wa bahari wa Istanbul ambao ni mwembamba. Mzigo mzito hupita barabara nzuri hata kama ni ndefu, dereva yeyote wa lori pale Himo atakwambia.

Wale kozi wadogo wa kumbikumbi wao hawajali. Hawa ni kozi wa Amur, kwao ni mashariki mwa Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China. Wanavuka Bahari ya Hindi moja kwa moja kati ya Afrika ya Mashariki na India, zaidi ya kilomita 3,000 bila pa kutua. Ndege wa gramu 150! Mwaka 2012 kule Nagaland, India, ilibainika kwamba wanavijiji walikuwa wananasa makumi ya maelfu ya kozi hawa kwa nyavu wakati wakipita kuja kwetu. Picha zilipotoka dunia ilipiga kelele. Wazee wa vijiji, wachungaji wa makanisa na serikali wakakaa, na mwaka uliofuata, 2013, hakunaswa hata mmoja. Mwaka mmoja! Mimi nimeshuhudia kamati za mtaa zikichukua zaidi ya hapo kuamua rangi ya geti.

Nitaje na kekeo mmoja, kisha niachane na masafa. Alifungwa kifaa kidogo cha setelaiti Mongolia mwaka 2019, akapewa jina la mto wa huko, Onon. Alikwenda hadi Zambia, na masika ya 2020 akarudi, akapita Kenya, akavuka bahari, akafika kwao Mei baada ya kilomita kama 12,000. Mtakumbuka Mei 2020 ilikuwaje. Mipaka imefungwa, viwanja vya ndege vimefungwa, sisi waongoza watalii tunauza nyanya. Nilikuwa namfuatilia kwenye simu kila jioni, na bando lilikuwa la kukopa.

Sasa niseme yasiyopendeza, kwa ufupi.

Kwanza, kweleakwelea. Mkulima wa mpunga akiliona wingu la kweleakwelea haoni uzuri wowote, na simlaumu; mpunga ni ada ya shule. Lakini sumu inayotumika sana barani kwetu dhidi yao, fenthioni, haisomi majina. Mwewe, bundi na korongo wanaookota wale wanaokufa taratibu nao hufa. Ninachoomba ni kidogo: siku ya kunyunyizia ikijulikana mtaani, itangazwe, na mizoga ifukiwe na wale waliofundishwa na wenye vifaa, isiokotwe na ndege, na wala isiingie kwenye sufuria ya mtu.

Pili, manati. Watoto, nawajua, na baba zenu nawajua zaidi. Lakini niwaambie wakubwa pia: makadirio ya shirika la BirdLife ya mwaka 2015 yalisema ndege kama milioni 25 huuawa kinyume cha sheria kila mwaka katika nchi zinazoizunguka Mediterania. Kwa hiyo akija mtu kutoka huko kutuhubiria juu ya manati ya watoto wetu, msikilizeni kwa adabu, mkaribisheni chai, kisha mwulizeni hilo.

Tatu, mvua na ardhi. Mwaka 1969 Waingereza walishangaa. Kuna ndege wao mmoja mdogo wa vichakani, mwenye koo jeupe, aliyekuwa kila ua. Masika yale karibu robo tatu hawakurudi. Walitafuta kosa mashambani mwao, kumbe lilikuwa Saheli, ule ukanda mkavu wa kusini mwa jangwa la Sahara: ukame ulikuwa umekausha vichaka ambako ndege yule hupitisha baridi na kujaza mafuta yake. Bwawa lililokauka hapa, mgunga uliokatwa mkaa kule Kahe, kijiji fulani Poland kitauhisi mwezi Mei bila kujua ni nini kimepungua.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sitaji Siku ya Ndege Wahamao Duniani, ambayo husherehekewa tangu 2006. Naitaja. Ni Jumamosi ya pili ya Mei na Jumamosi ya pili ya Oktoba. Ile ya Oktoba inatufaa sana, wageni ndio wanaingia. Ile ya Mei kwetu ni kama kufanya sherehe ya kuagana baada ya basi kufika Korogwe. Tukisubiri Mei tutavaa fulana na kuangalia nyaya tupu. Sisi tuagane Aprili.

Masharti ya matembezi ni machache. Njoo na viatu unavyovidharau. Usivae nguo nyeupe wala fulana ya timu inayong'aa. Najua hilo litawaumiza wengine. Simu iwe kimya. Darubini tunazo tatu tu na ni kuukuu, tutapokezana, na aliyevaa miwani asiivue. Hakuna kiingilio. Kuna walioniambia nitoze, hata kidogo, ili watu waheshimu. Nimekataa, kwa sababu mwenyeji halipi kumsindikiza mgeni wake mwenyewe.

Kitu kimoja tu nawaomba walimu, na ndicho nilichokuja nacho kwenye mfuko huu. Hili ni daftari la kawaida, la kurasa 96. Nataka kila shule iliyopo hapa iwe na moja, na mtoto mmoja kila asubuhi aandike tarehe na idadi ya mbayuwayu kwenye waya ulio karibu na shule. Kuandika wa kwanza kufika ni rahisi, kila mtu humwona akapiga kelele. Wa mwisho kuondoka ni mgumu, kwa sababu siku unayomwona hujui kama ndiye. Huwezi kumjua mpaka zipite siku kadhaa za kuandika sifuri. Kwa hiyo lazima uandike kila siku, hata ile isiyo na kitu.

Nawasomea ukurasa wangu wa mwaka jana, waya wa nje ya duka la jirani yangu, Pasua. Aprili 18, mbayuwayu 26. Aprili 19, mvua, 30, wamejikunyata. Aprili 20, 9. Aprili 21, 3. Aprili 22, hakuna. Aprili 23, hakuna. Aprili 24, mmoja, saa moja na nusu asubuhi, anajichokoa bawa la kushoto. Aprili 25, hakuna. Aprili 26, hakuna. Aprili 27, nilisafiri, jirani aliniandikia: hakuna, ila nimeangalia mara mbili.